Makaroni ya jibini

Makaroni ya jibini ni chakula kinachotengenezwa kwa makaroni yaliyochemshwa na kuchanganywa na mchuzi mzito wa maziwa na jibini. Mara nyingi mchanganyiko huo huokwa katika oveni mpaka juu yake pafanye ukoko wa rangi ya hudhurungi. Asili yake ni Ulaya, lakini leo hujulikana hasa Marekani, Kanada, Uingereza na visiwa vya Karibi, ambako huliwa nyumbani, shuleni na kwenye sherehe.

Viungo vyake ni vichache: pasta, maziwa, siagi, unga wa ngano na jibini. Kwa sababu hiyo chakula hiki huonekana rahisi, lakini kuna tofauti kubwa kati ya sinia laini lenye ladha na sinia lenye mafuta yaliyojitenga na punje za jibini ngumu. Tofauti hiyo hutokana na joto na utaratibu wa kutengeneza mchuzi kuliko bei ya viungo.

Jina

Neno makaroni limetokana na Kiitalia maccheroni. Kwa Kiswahili hutaja hasa pasta fupi yenye tundu katikati, iliyonyooka au iliyopinda kama kiwiko. Tambi ni zile nyembamba na ndefu, ambazo katika pwani ya Afrika Mashariki hupikwa pia kwa sukari na nazi. Neno jibini lina asili ya Kiarabu, jubn. Katika miji ya Kenya na Tanzania watu wengi husema pia chizi.

Historia

Ulaya

Desturi ya kula pasta kwa jibini ni ya kale. Kitabu cha mapishi cha Kilatini kiitwacho Liber de Coquina, kilichoandikwa Italia mwanzoni mwa karne ya 14, kinaeleza vipande bapa vya unga vilivyochemshwa na kupangwa tabaka kwa tabaka pamoja na jibini iliyokunwa na viungo vya harufu. Nchini Uingereza, kitabu kiitwacho Forme of Cury, kilichokusanywa na wapishi wa mfalme Richard II mnamo mwaka 1390, kina chakula kilichoitwa makerouns: unga uliokandwa, kukatwa vipande, kuchemshwa, kisha kuwekwa jibini na siagi chini na juu. Katika mapishi hayo ya kwanza hapakuwa na mchuzi wa maziwa.

Mchuzi mweupe wa siagi, unga na maziwa ulipata umaarufu katika mapishi ya Ufaransa, nao huitwa beshameli kwa heshima ya Louis de Béchameil, mtumishi mkuu katika jumba la mfalme Louis XIV. Mwaka 1769 Mwingereza Elizabeth Raffald alichapisha kitabu The Experienced English Housekeeper. Humo anaeleza makaroni yaliyochemshwa, kutiwa krimu pamoja na siagi iliyoviringishwa katika unga, kisha kufunikwa kwa jibini ya Parmesan. Hapo vitu vyote vya chakula cha leo vimekwisha kukutana: pasta, kitu cha maziwa kilichozitishwa kwa unga, na jibini juu.

Marekani

Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, mara nyingi hutajwa kama mtu aliyeleta makaroni ya jibini nchini humo. Ni kweli kwamba alipenda makaroni: alichora mchoro wa mashine ya kuyatengenezea, na mwaka 1789 aliagiza kifaa cha namna hiyo kutoka Naples. Lakini vitabu vya mapishi vya Uingereza vilisomwa Amerika pia, na tena Jefferson hakuwa mpishi. Waliopika nyumbani kwake walikuwa watu wengine, na wengi wao walikuwa watumwa.

Aliyejulikana zaidi miongoni mwao ni James Hemings, aliyezaliwa mwaka 1765. Jefferson alikwenda naye Paris mwaka 1784 ili afundishwe upishi wa Kifaransa. Baada ya kujifunza kwa wapishi wa huko, Hemings akawa mpishi mkuu wa nyumba ya Jefferson mjini Paris. Walirudi Marekani mwaka 1789. Mwaka 1793 Jefferson aliandika ahadi ya kumwachia huru kwa sharti kwamba kwanza amfundishe mtu mwingine kazi yake. Hemings alimfundisha mdogo wake, Peter Hemings, akapata uhuru mwaka 1796. Kabla ya kuondoka aliandika kwa mkono wake orodha ya vyombo vya jikoni, na orodha hiyo imehifadhiwa mpaka leo. Alifariki mwaka 1801.

Mwaka 1802, Jefferson akiwa rais, mgeni wake Manasseh Cutler aliandika katika shajara yake kwamba mezani palikuwa na chakula kilichoitwa makaroni, na kwamba hakukipenda. Wakati huo mpishi mkuu wa ikulu alikuwa Mfaransa Honoré Julien. Jikoni mwake walifundishwa pia wasichana watumwa, akiwemo Edith Fossett, ambaye baadaye akawa mpishi mkuu huko Monticello, shamba la Jefferson jimboni Virginia. Kwa hiyo historia ya chakula hiki Marekani haitoshi kuelezwa kwa jina la mwenye meza. Ni lazima wakumbukwe pia waliosimama mbele ya moto.

Mwaka 1824 Mary Randolph wa Virginia alichapisha kitabu The Virginia House-Wife. Makaroni yake huchemshwa katika maziwa na maji, hupangwa tabaka pamoja na jibini na siagi, kisha huokwa. Kitabu hicho kilisomwa sana katika majimbo ya Kusini.

Kutoka anasa hadi chakula cha kila siku

Katika karne ya 18 makaroni yaliyotoka Italia na jibini ya Parmesan vilikuwa vitu vya matajiri. Mambo yalibadilika viwanda vya pasta na vya jibini vilipoongezeka katika karne ya 19. Mwaka 1911 Waswisi Walter Gerber na Fritz Stettler walifaulu kutengeneza jibini ya kusindikwa, isiyoharibika upesi, na mwaka 1916 James L. Kraft alipata hataza ya njia yake nchini Marekani. Mwaka 1937 kampuni ya Kraft ilianza kuuza Marekani na Kanada kiboksi cha makaroni makavu pamoja na unga wa jibini kwa senti 19. Ulikuwa wakati wa mdororo wa uchumi, na muda mfupi baadaye Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilileta mgawo wa chakula. Familia nyingi zilitumia viboksi hivyo badala ya nyama.

Hata hivyo, makaroni ya kuokwa nyumbani hayakupotea. Miongoni mwa Wamarekani weusi yamebaki chakula cha heshima cha Jumapili, cha Krismasi na cha sikukuu ya Shukrani. Katika familia nyingi si kila mtu anayekabidhiwa kazi ya kuyapika. Hupewa yule ambaye mkono wake unaaminika.

Viungo

Kipimo kifuatacho kinatosha watu 6 hadi 8:

- makaroni makavu gramu 400
- jibini gramu 350, iliyokunwa
- maziwa lita 1
- siagi gramu 50 kwa ajili ya mchuzi
- unga wa ngano gramu 50, yaani vijiko 6 vya chakula
- haradali ya unga kijiko 1 cha chai
- chumvi, pilipili manga na kungumanga kidogo
- chenga za mkate mkavu gramu 50 na siagi gramu 20 kwa ajili ya ukoko

Makaroni bora hutengenezwa kwa ngano ngumu, ambayo ina protini nyingi na haivurugiki upesi katika maji. Maziwa huwa bora yakiwa na mafuta yake yote. Haradali haiwekwi ili isikike yenyewe. Ukali wake hufanya ladha ya jibini ionekane zaidi, na hivyo jibini kidogo huonekana nyingi.

Kuchagua jibini

Si kila jibini huyeyuka vizuri. Cheddar na Gouda hufaa sana, na ndizo zinazopatikana kwa urahisi zaidi katika maduka makubwa ya Afrika Mashariki. Jibini ya aina ya Gouda hutengenezwa pia katika eneo la Gishwati nchini Rwanda, na katika Masisi, Kivu ya Kaskazini, ambako hupelekwa kuuzwa Goma na miji mingine ya Kongo.

Mozzarella huyeyuka lakini hufanya nyuzi ndefu na ladha yake ni hafifu. Huwekwa kidogo tu pamoja na nyingine. Parmesan ina ladha kali na hufaa kunyunyizwa juu. Jibini inayogandishwa kwa ndimu au siki, kama vile panir ya Kihindi, haiyeyuki hata ikipata moto mwingi, kwa hiyo haifai kwa mchuzi huu. Jibini iliyokaa miezi mingi ina ladha kubwa lakini hutoa mafuta upesi. Kwa hiyo wapishi wengi huchanganya sehemu mbili za jibini changa na sehemu moja ya jibini iliyokomaa.

Ni afadhali kununua kipande na kukikuna nyumbani. Jibini inayouzwa ikiwa imekunwa tayari huwa imepakwa wanga ili isishikane, na wanga huo unaweza kuufanya mchuzi uwe na chengachenga.

Jinsi mchuzi unavyofanya kazi

Jibini ni mkusanyiko wa protini, mafuta na maji. Protini zake, hasa kaseini, hufanya wavu unaoshikilia matone ya mafuta. Jibini inapopashwa moto, mafuta hulainika kwanza, kwenye joto la nyuzi 32 hivi za selsiasi. Kisha wavu wa protini hulegea. Kwa jibini kama Cheddar hilo hutokea karibu na nyuzi 65. Hapo ndipo tunaposema jibini imeyeyuka.

Joto likizidi au likiendelea kwa muda mrefu, protini hukaza upya, hushikana na kukamua maji na mafuta yaliyokuwa ndani yake. Matokeo ni punje ngumu zinazoelea katika mafuta. Mchuzi ukifikia hali hiyo husemwa kuwa umekatika. Ndiyo maana jibini ikiwekwa peke yake katika maziwa yanayochemka huharibika.

Unga wa ngano huzuia jambo hilo. Unga una wanga, na punje za wanga zikipata maji na moto huanza kuvimba kwenye nyuzi 60 hivi, na mchuzi huwa mzito kabisa unapokaribia kuchemka. Wanga huo husambaa kati ya protini na matone ya mafuta, ukazuia yasikutane na kushikana. Unga huanza kukaangwa katika siagi kwa sababu mafuta hutenganisha punje moja na nyingine. Unga ukimwagwa moja kwa moja katika maziwa ya moto hufanya madonge.

Viwanda hutumia njia nyingine. Jibini ya kusindikwa huwekwa chumvi maalumu, kama vile sitrati ya sodiamu, ambazo hulegeza kaseini na kuiwezesha kushika mafuta hata joto likiwa kubwa. Hii ndiyo sababu kipande kimoja cha jibini ya aina hiyo kikiongezwa katika mchuzi husaidia usikatike.

Namna ya kupika

Kuchemsha makaroni

Maji lita 4 huchemshwa na kutiwa chumvi gramu 40 hivi. Makaroni hutiwa maji yakiwa yanatokota, na hukorogwa katika dakika mbili za kwanza ili yasishikane. Huepuliwa dakika 2 au 3 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, yakiwa bado na kiini kigumu kidogo, kwa sababu yataendelea kuiva katika oveni na kunywa sehemu ya mchuzi. Makaroni yaliyoiva kabisa kwenye maji huwa uji yakishaokwa.

Muda huo hutegemea pia mahali. Dar es Salaam na Mombasa, karibu na usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, ambayo iko mita 1,795 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na makaroni huhitaji dakika kadhaa zaidi. Kwa hiyo ni salama zaidi kuonja kuliko kutazama saa tu.

Kutengeneza mchuzi

1. Siagi huyeyushwa kwa moto mdogo katika sufuria yenye kitako kizito.
2. Unga hutiwa na kukorogwa kwa dakika 2 mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Haupaswi kubadilika rangi kuwa kahawia.
3. Maziwa ya uvuguvugu hutiwa kidogo kidogo huku yakikorogwa kwa mwiko au kwa kifaa cha kupigia mayai. Kila mara mchanganyiko uwe laini kabla ya kuongeza mengine.
4. Mchuzi huachwa uchemke polepole kwa dakika 5 huku ukikorogwa mpaka chini, ili usishike na kuungua. Huwa tayari unapopaka mgongo wa mwiko, na ukipitisha kidole mstari hubaki.
5. Sufuria huepuliwa. Haradali, pilipili manga na kungumanga hutiwa. Mchuzi huachwa upoe kwa dakika mbili tatu.
6. Robo tatu ya jibini hutiwa kwa mafungu, na kila fungu hukorogwa mpaka liyeyuke. Sufuria hairudishwi motoni.
7. Chumvi huonjwa mwishoni, kwa kuwa jibini yenyewe ina chumvi.

Hatua ya 6 ndiyo muhimu kuliko zote. Joto lililobaki katika mchuzi linatosha kuyeyusha jibini, na dakika moja ya kuchemsha baada ya kuitia inaweza kuharibu kitu cha gharama kubwa kuliko vyote katika sufuria.

Kuoka

Makaroni yaliyochujwa huchanganywa na mchuzi. Mchanganyiko uonekane mwepesi kidogo kuliko unavyotakiwa kuwa mezani, kwa sababu pasta itanywa mchuzi. Humiminwa katika sinia au bakuli la kuokea lililopakwa siagi, lenye ukubwa wa lita 3 hivi. Jibini iliyobaki hunyunyizwa juu, kisha chenga za mkate zilizochanganywa na siagi.

Huokwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 190 kwa dakika 25 hadi 30, mpaka pembeni patokote na juu pawe hudhurungi. Baada ya kutolewa huachwa itulie dakika 10 hadi 15. Katika muda huo mchuzi huwa mzito na chakula hukatika vipande bila kumwagika.

Kuoka bila oveni

Chakula hiki kinaweza kuokwa kwa moto wa juu na chini, kama wanavyofanya wapishi wengi wa Afrika Mashariki wanapooka keki kwa mkaa. Mchanga mkavu huwekwa chini ya sufuria kubwa nzito, na bakuli la makaroni hukalishwa juu yake. Sufuria hufunikwa kwa kifuniko bapa cha chuma, na makaa hupaliwa juu ya kifuniko. Kwa kuwa makaroni na mchuzi tayari vimeiva, moto wa chini uwe mdogo sana na wa juu uwe mwingi; kazi iliyobaki ni kushikamanisha chakula na kufanya ukoko. Dakika 20 hadi 30 hutosha.

Kazi hii ifanyike nje au mahali penye hewa ya kutosha. Mkaa unaowaka hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua katika chumba kilichofungwa.

Matatizo ya kawaida

Mchuzi una madonge: maziwa yalitiwa mengi kwa mara moja. Ukipigwa kwa nguvu au kupitishwa kwenye chujio kabla ya kutia jibini, hurekebishika.

Mchuzi umekatika: joto lilizidi. Sufuria huondolewa motoni, vijiko vichache vya maziwa baridi hutiwa, na mchuzi hupigwa kwa haraka. Mara nyingine hurudi, hasa ikiwa punje bado ni ndogo. Ukikatika kabisa haurudi vizuri.

Chakula ni kikavu: makaroni yaliiva mno kabla ya kuokwa, mchuzi ulikuwa mchache, au oveni ilizidi muda. Kikombe kimoja cha maji yaliyochemshia makaroni huhifadhiwa na wapishi wengi ili kulainisha mchanganyiko kabla ya kuoka.

Ladha ni hafifu: mara nyingi kilichokosekana ni chumvi katika maji ya makaroni, si jibini.

Aina mbalimbali

Nchini Barbados na katika Trinidad na Tobago kuna pai ya makaroni. Hutiwa mayai, na mara nyingi maziwa ya kopo yaliyopunguzwa maji, hivyo huganda na kukatwa vipande vya mraba. Mayai hushika chakula mahali pa unga. Njia hiyo ya mayai hutumiwa pia na Wamarekani weusi wengi wa majimbo ya Kusini.

Nchini Misri hupikwa makaroni ya beshameli: tabaka la pasta, tabaka la nyama ya kusaga iliyokaangwa na vitunguu, tabaka jingine la pasta, na mchuzi mweupe juu. Hufanana na pastitsio ya Ugiriki. Chakula hicho hupikwa pia Omani na nchi nyingine za Ghuba, ambako wako wasemaji wa Kiswahili. Uswisi huchanganya makaroni na viazi, vitunguu na jibini ya milimani, na chakula huliwa pamoja na tofaa zilizopondwa. Uskoti makaroni ya jibini hutiwa ndani ya kikombe cha unga uliookwa na kuuzwa kama pai ya mkononi. Ufini hupika sinia la makaroni na nyama ya kusaga, likishikamanishwa kwa maziwa na mayai.

Lishe

Kwa kipimo kilichotajwa juu, sehemu moja kati ya nane ina kilokalori 550 hivi, protini ya kutosha na kalsiamu nyingi kutoka kwa maziwa na jibini. Ina pia mafuta na chumvi nyingi, na nyuzinyuzi kidogo. Kwa hiyo huliwa vizuri pamoja na mboga za majani, kachumbari au maharagwe mabichi. Mboga kama brokoli, koliflawa au mchicha uliokamuliwa maji zinaweza pia kuchanganywa ndani kabla ya kuoka.

Watu wasiostahimili laktosi huweza kupata shida, hasa kwa sababu ya maziwa, kwani jibini iliyokomaa ina laktosi kidogo. Wenye ugonjwa wa siliaki hawawezi kula ngano. Kwao hutumika pasta ya mchele au mahindi, na wanga wa mahindi badala ya unga. Baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumboni mwa ndama. Waislamu na watu wasiokula nyama huangalia maandishi kwenye kifungashio ili kujua kama kimetoka kwa mnyama, na kama jibini imethibitishwa kuwa halali.

Kuhifadhi

Sinia zima la makaroni hushika joto kwa muda mrefu, na vyakula vya wanga vinavyopoa polepole huweza kuota bakteria iitwayo Bacillus cereus. Sumu moja ya bakteria hiyo, inayosababisha kutapika, haiharibiwi kwa kupasha moto upya. Kwa sababu hiyo kuchemsha tena chakula kilicholala nje hakukifanyi kuwa salama.

Chakula kilichobaki hugawanywa katika vyombo vifupi ili kipoe upesi, na huwekwa katika jokofu lenye nyuzi 4 au chini yake kabla ya saa 2 kupita. Hukaa siku 3 hadi 4. Kinapopashwa huongezwa maziwa kidogo, hufunikwa, na hupashwa kwa moto wa wastani mpaka katikati pafike nyuzi 74. Mahali pasipo na jokofu ni afadhali kupika kiasi kitakachokwisha siku hiyo hiyo.

Anayetaka kutayarisha mapema anaweza kuchanganya makaroni na mchuzi na kuviweka katika jokofu siku moja kabla, bila kuoka. Mchuzi huongezwa kidogo kwa kuwa pasta itaunywa usiku, chenga za mkate huwekwa wakati wa kuoka tu, na muda wa oveni huongezwa kwa dakika 10 hadi 15.